Pampu ya maji inajiwasha yenyewe umeme ukirudi: Home Assistant, Tasmota na MQTT, wataalam njooni

mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Nafunga haya mambo ya nyumba janja hapa Dar, watu wananiita kwa kuambiana, na kuna nyumba moja Goba nimeikuta imeshafungwa na fundi mwingine ambaye sasa hivi hapatikani. Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima anakaa na wajukuu wadogo, na shida yake ni moja tu ila imemnyima usingizi: umeme ukikatika halafu ukarudi, pampu inajiwasha yenyewe. Simtanki limejaa, maji yanashuka ukutani mpaka mtu aamke akazime, na hayo maji mengine kayanunua ya boza. Naomba tusaidiane kwa moyo, sitaki kumwambia bibi wa watu ang'oe kila kitu arudi kwenye swichi ya kawaida.

Vifaa viko hivi. Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) ina Home Assistant, programu ya kuendesha nyumba janja, kwenye kadi ya SD, iko sebuleni pembeni ya rauta, na Mosquitto, programu inayopokea na kusambaza jumbe za MQTT kati ya vifaa, iko humohumo ndani ya Pi. Pampu ni ya hospawa moja, inavuta tanki la ardhini inapandisha kwenye simtanki la lita 2000 juu ya mnara, na inawashwa na Sonoff Basic (swichi ya waifai yenye rilei ndani) iliyotolewa programu ya kiwandani ikawekwa Tasmota. Kwenye mfuniko wa simtanki kuna sensa ya mwangwi JSN-SR04T kwenye bodi ndogo ya waifai ESP8266 yenye programu ya ESPHome, inaleta asilimia ya maji.

Otomesheni, yani maagizo ya kuwasha pampu maji yakishuka chini ya asilimia 30 na kuizima baada ya dakika 20, nimeikuta hivi:

```
alias: Jaza simtanki
triggers:
  - trigger: numeric_state
    entity_id: sensor.simtanki_asilimia
    below: 30
actions:
  - action: switch.turn_on
    target:
      entity_id: switch.pampu
  - delay: "00:20:00"
  - action: switch.turn_off
    target:
      entity_id: switch.pampu
mode: single
```

Nimeingia konsoli ya Tasmota nikaandika `PowerOnState 0`, ikakubali, maana yake umeme ukirudi rilei ibaki imezima. Bado inawaka. Na sio kila mara, hapo ndio pananichanganya, umeme unaweza kukatika na kurudi wiki nzima hamna kitu, halafu siku moja ndio mafuriko. Nikiangalia kumbukumbu za Home Assistant naona pampu imewaka lakini otomesheni haikuhusika kabisa, treisi yake (rekodi ya hatua ilizopita) saa hiyo haina kitu. Sasa nani anawasha?

mzee_wa_rilei

Mkuu kabla hatujafika kwenye programu nina swali, hiyo hospawa moja imepita moja kwa moja kwenye kale kaSonoff? Maana hospawa moja ni wati 746 za kwenye shafti, ukiweka na upotevu wa mota yenyewe inavuta zaidi ya hapo, na wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya ampia zake za kawaida. Rilei iliyoandikwa ampia 10 hizo ampia ni za mzigo mpole kama hita, sio mota. Rilei ikizoea kupiga cheche, siku moja midomo yake inagandana, hapo utabonyeza kuzima kwenye simu inaandika imezima na pampu inaendelea kuunguruma. Naomba ujibu hili kwanza: ikijiwasha, ukizima kwenye simu inazimika?

mleta uzi

Inazimika vizuri mzee wangu. Ila ndio, imepita moja kwa moja, nimelisikia hilo.

mzee_wa_rilei

Basi haijagandana bado. Nunua kontakta (swichi kubwa ya mota inayovutwa na koili) yenye ovalodi ya kuikata mota ikizidiwa, rilei ya Sonoff iwe inawasha koili tu. Na kwenye koili weka snaba, ile ya rezista na kapasita, maana koili ikiachia inapiga msukumo wa volti unaoweza kuizima ile ESP, chipu ya ndani ya Sonoff, ikajiwasha upya, na wewe utahangaika na waifai wiki nzima kumbe shida ni koili. Kingine, zima mein swichi kabla hujafungua boksi, hii ni volti 230 na pembeni kuna maji.

chuma_arusha

Mkuu mleta uzi mimi naona dalili unayo tayari ila hujaisema. Umeme ukirudi, pampu inawaka PAPO HAPO au baada ya muda? Kama ni papo hapo basi `PowerOnState` haijashika. Kama ni baada ya dakika moja hivi basi sio rilei, ni mtu anaituma amri. Nenda kajaribu, chomoa Pi kabisa halafu zima na washa umeme wa pampu peke yake uone.

stima_nakuru

Niko hapa nafuata, hii kitu imenishinda pia kwa shamba ya mzee.

mleta uzi

Nimerudi kutoka Goba. Chuma umepiga penyewe. Pi ikiwa imechomolewa pampu haiwaki hata nizime niwashe vipi. Pi ikiwepo, umeme ukirudi kunakuwa kimya kama dakika moja na ushee, Pi inamaliza kuamka, na ndani ya sekunde chache tu pampu inawaka. Kwahiyo amri inatoka kwenye Pi. Lakini Home Assistant inasema haijatuma!

chuma_arusha

Home Assistant haijatuma na hasemi uongo. Anayetuma ni Mosquitto, na anatuma amri ya zamani.

Ngoja nieleze taratibu kwa ajili ya wengine watakaopita hapa. MQTT ni kama posta, kifaa kinajiandikisha kwenye anuani yake, mfano `cmnd/pampu/POWER`, ujumbe ukifika kwenye hiyo anuani kinapewa. Kawaida ujumbe ukishapelekwa umeisha. Lakini ukiutuma na alama ya retain, Mosquitto anautunza ule wa mwisho na kila kifaa kinachojiandikisha upya kwenye hiyo anuani anakipa nakala. Kwa vitu kama joto la chumba au hali ya mlango ni jambo zuri sana, ukiwasha skrini unaona thamani ya mwisho bila kusubiri. Kwa AMRI ni hatari. Umeme unarudi, Sonoff inaamka na rilei imezima kama ulivyoipangia, inasubiri, Pi inaamka, Mosquitto anaamka, Sonoff inajiandikisha, anaambiwa WASHA. Nayo inatii. Hata nyaraka za Tasmota zenyewe zinaonya kuhusu vifaa kujiwasha kizushi namna hii.

Tafuta kwenye `configuration.yaml`, faili la mipangilio la Home Assistant, pampu imeandikwaje, halafu kwenye laptopu yenye vifaa vya Mosquitto piga hii ukiweka anuani ya Pi yako:

```
mosquitto_sub -h 192.168.1.10 -u jina -P nenosiri -t 'cmnd/#' -v --retained-only
```

Hiyo inakuonyesha amri zilizotunzwa tu. Kwenye nyumba iliyofungwa vizuri isirudishe kitu chochote.

bintiFundi

Chuma nakubaliana na wewe kuhusu retain ila kuna kitu hakijakaa sawa. Kama Home Assistant inatuma WASHA na baada ya dakika 20 inatuma ZIMA na zote zina retain, basi kilichotunzwa mwishoni ni ZIMA. Umeme ukirudi apewe ZIMA. Labda umeme ukatike katikati ya zile dakika 20. Lakini mleta uzi anasema simtanki linakuwa LIMEJAA, yani kazi ilishaisha. Hapo unasemaje?

chuma_arusha

Swali zuri sana dada na hapo ndipo penye jibu la "sio kila mara".

Mosquitto anatunza hizo jumbe kwenye RAM. Kwenye diski anaandika kwa vipindi, `autosave_interval` yake usipoigusa ni sekunde 1800, nusu saa nzima, au anaandika pale anapozimwa kistaarabu. Umeme ukikatwa ghafla hajazimwa kistaarabu, kwahiyo akiamka anasoma kilichokuwa kwenye diski mara ya mwisho. Sasa piga picha hii: saa 8 mchana pampu inafanya kazi, kilichotunzwa ni WASHA, na saa hiyohiyo Mosquitto anaandika diski. Saa 8 na dakika 10 tanki limejaa, Home Assistant inatuma ZIMA, ila hiyo ZIMA iko kwenye RAM tu. Saa 8 na robo umeme unakata. ZIMA imepotea. Umeme ukirudi diski inasema WASHA, na tanki limejaa.

Ndio maana wiki nzima hakuna kitu halafu siku moja mafuriko, lazima vitu viwili vigongane, pampu iwe inafanya kazi wakati diski inaandikwa, na umeme ukatike kabla ya kuandikwa tena.

bintiFundi

Duh. Nimeelewa. Na akiwasha hivyo hakuna wa kuzima, kwasababu ile `delay` ya dakika 20 ni sehemu ya otomesheni ambayo haikuanza.

chuma_arusha

Naam. Na hata ingekuwa imeanza, Home Assistant ikizimika katikati ya `delay` hiyo otomesheni inakufa, ikiamka haiendelei pale ilipoishia. Vivyo hivyo na `for:` (muda wa kusubiri) kwenye kichochezi, hesabu yake haivuki kuwashwa upya, nyaraka zao wameandika wazi kabisa. Hili watu wengi hawalijui wanaandika "washa, subiri nusu saa, zima" kwenye hita ya maji, kwenye pasi, kwenye pampu. Kwa nchi ambayo umeme haukatiki labda unaweza kuishi nayo. Kwetu hapana.

mleta uzi

Wakuu nimeikuta. Kwenye `configuration.yaml`:

```
mqtt:
  - switch:
      unique_id: pampu
      name: Pampu
      command_topic: cmnd/pampu/POWER
      state_topic: stat/pampu/POWER
      retain: true
```

Hiyo `retain: true` ndio mchawi. Na ile `mosquitto_sub` imerudisha `cmnd/pampu/POWER OFF` na nyingine `cmnd/taa_nje/POWER ON`, kumbe ndio sababu taa za nje nazo zinawaka mchana! Bibi alishanilalamikia hilo nikadhani ni sensa ya mwanga. Sasa nikitoa hiyo retain kwenye YAML inatosha?

chuma_arusha

Haitoshi. Ukiitoa utakuwa hutumi mpya zenye retain, ila ile iliyotunzwa inabaki palepale mpaka uifute. Kufuta unatuma ujumbe mtupu wenye retain kwenye anuani hiyohiyo:

```
mosquitto_pub -h 192.168.1.10 -u jina -P nenosiri -t cmnd/pampu/POWER -r -n
mosquitto_pub -h 192.168.1.10 -u jina -P nenosiri -t cmnd/taa_nje/POWER -r -n
```

Kisha nenda konsoli ya kila Tasmota uweke `ButtonRetain 0`, `SwitchRetain 0` na `PowerRetain 0`. Halafu, hili ni muhimu, iwashe Mosquitto upya kutoka kwenye menyu ya Home Assistant, azimwe kistaarabu aandike diski, la sivyo umeme ukikatika ndani ya nusu saa zile ulizofuta zitafufuka. Rudia `mosquitto_sub`, ikae kimya.

Mimi ningeenda mbali zaidi nikafuta hiyo `mqtt:` yote nikatumia intigresheni (kiunganishi) ya Tasmota iliyomo ndani ya Home Assistant. Tasmota za siku hizi zinajitambulisha zenyewe, `SetOption19 0`, unapata pampu na taarifa zake bila kuandika YAML.

stima_nakuru

Sasa ndugu zangu na mimi niongeze yangu kuhusu Tasmota kwasababu iliniumiza. Kwetu huku stima ikirudi mara nyingine haitulii, inawaka inazima inawaka inazima halafu ndio inakaa. Nilikuwa napata Sonoff za shamba zimesahau kila kitu, waifai imepotea, jina limepotea, inabidi nianze upya na simu. Nilidhani vifaa ni feki. Kumbe Tasmota ina njia ya kujiokoa, ukiizima na kuiwasha haraka mara 7 mfululizo kabla haijamaliza sekunde 10, inajua wewe mwenyewe unataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Stima ikicheza vile inafanana kabisa na mtu anayebonyeza swichi. Dawa ni `SetOption65 1`, hiyo inaondoa huo mchezo. Ukishaweka hiyo hakikisha unajua nenosiri lako, maana ile njia ya kujiokoa hautakuwa nayo.

mleta uzi

Hii ni dhahabu ndugu wa Nakuru. Kuna Sonoff moja ya taa za geti ilijifuta hivyohivyo.

Sasa tuje kwenye kuzima. Retain nimeshaitoa, nimefuta, nimeiwasha upya, `mosquitto_sub` kimya. Nawaza kuongeza otomesheni inayosema Home Assistant ikianza tu izime pampu, na nyingine maji yakipita asilimia 95 izime. Inatosha au vipi?

bintiFundi

Weka zote mbili hazidhuru. Ila ile ya asilimia 95 ujue inavyofanya kazi, `numeric_state` inachochea pale thamani INAPOVUKA mpaka, sio kwamba iko juu ya mpaka. Tanki likiwa lipo 97 tangu asubuhi halafu mtu akawasha pampu kwa kitufe, hakuna kuvuka, haitachochea. Kwahiyo ongeza kichochezi cha pili, pampu ikiwaka angalia kama maji yako juu ya 95, kama ndio zima. Na sensa ikiwa `unavailable`, yani haipatikani, zima pia, pampu isifanye kazi kipofu.

mzee_wa_rilei

Vijana mnazungumza vizuri ila wote mnazungumzia Pi. Kadi ya SD ya hiyo Pi ikifa usiku wa leo, nani anazima pampu? Rauta ikiganda, nani anazima? Bodi ya sensa ikiingia maji? Mimi nimefunga pampu za watu miaka mingi kabla ya hizi Pi, na pampu inazimwa na floti, swichi inayoelea kwenye maji. Floti haina nenosiri haina waifai. Floti ya juu kwenye simtanki inakata likijaa, floti ya chini kwenye tanki la ardhini inakata likikauka ili pampu isisage hewa ikaungua sili. Zote mbili zinaingia kwenye njia moja ya koili ya kontakta pamoja na rilei ya Sonoff, mfululizo. Yani Sonoff iseme washa, floti ya juu ikubali, floti ya chini ikubali, ndio koili ivute. Mmoja akikataa hamna kitu.

chuma_arusha

Naunga mkono asilimia mia. Hapa ndipo watu wa nyumba janja tunapokosea kupanga kazi, kidhibiti kinatakiwa kiamue LINI pampu iwake, mfano usiku wakati maji ya bomba yanatoka, au isiwake wakati nyumba iko kwenye jenereta. Lakini kusimama iwe ni kazi ya kitu kilicho karibu na mota na kisichohitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Na katikati ya hapo kuna kinga nyingine ya bure, ipo ndani ya Sonoff yenyewe. Andika `PulseTime 1300`. Kuanzia 112 kwenda juu hesabu yake ni sekunde ukijumlisha 100, kwahiyo 1300 ni sekunde 1200, dakika 20. Rilei ikiwaka kwa njia yoyote ile, kitufe, simu, MQTT, baada ya dakika 20 Sonoff inazima yenyewe hata kama Pi imeibiwa. Hapo hata ile `delay` unaifuta kwenye otomesheni, haina kazi tena.

bintiFundi

Mzee wangu shikamoo, floti nakubali, ila hiyo floti ya kwenye simtanki itakuwa na volti 230 kwenye waya unaoning'inia ndani ya maji ya kunywa ya wajukuu. Waya ukichubuka? Mimi ningetumia transfoma ya volti 24 na kontakta yenye koili ya 24, floti zote zipite volti 24.

mzee_wa_rilei

Marahaba mwanangu. Umesema kweli na ndivyo ifanywe. Wengi wanafunga 230 kwasababu ndio iliyopo kwenye boksi, ila kama mteja anamudu transfoma basi 24, na vyovyote iwavyo laini ya pampu iwe na ile breka ya kuvuja ya miliampia 30. Kumbuka Sonoff Basic yenyewe inatoa 230 hiyohiyo inayoingia, haina mdomo mkavu, yani rilei inayounganisha na kukata tu bila kutoa umeme wake. Kwahiyo mleta uzi itabidi Sonoff iwashe transfoma, au utumie kifaa chenye rilei ya mdomo mkavu ikate ile 24.

mleta uzi

Kuwasha transfoma naona ndio rahisi, Sonoff inalisha transfoma, transfoma inatoa 24, inapita floti mbili, inafika koili. Na mzigo kwenye Sonoff unakuwa mdogo kabisa. Ntaongea na bibi kuhusu gharama, yeye amesema yuko tayari mradi alale.

Kuna mambo mengine madogo ya nyumba hiyohiyo. Taa za vyumbani ni za Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vidogo), umeme ukirudi saa 9 usiku zote zinawaka mwanga wa mwisho, watoto wanaamka. Na kuna ratiba ya geti saa 12 jioni, siku umeme ukikatika sana inafanya kazi saa ya ajabu.

bintiFundi

Taa: ingia kwenye Zigbee2MQTT au ZHA, yoyote inayoendesha Zigbee hapo, fungua taa yenyewe, kuna mpangilio wa tabia ya umeme ukirudi, `power_on_behavior`, weka `off` au `previous`. Sio taa zote zinao. Zisizonao, hazina dawa zaidi ya kubadilisha taa au kuandika otomesheni inayozizima baada ya kuamka.

Geti: Raspberry Pi 4 haina saa ya betri. Ikizimika inasahau, ikiamka inaanza na saa iliyoandika mwisho mpaka ipate intaneti ijirekebishe. Kama faiba inachelewa kurudi kuliko Pi, kwa muda huo Pi inaishi kwenye wakati uliopita. Kuna kimoduli cha saa DS3231 chenye betri ndogo, au weka UPS ndogo (betri ya akiba) ya rauta na Pi, ambayo mimi ndio ningependa kwasababu inaokoa na kadi ya SD. Kadi hazipendi kukatiwa umeme zikiwa zinaandika, na Home Assistant inaandika hifadhidata muda wote. Kwenye `recorder`, sehemu inayoandika hiyo hifadhidata, weka `commit_interval: 30` badala ya 5 ya kawaida, ondoa sensa zisizo na maana, na ukipata hela hamishia kwenye SSD. Ukihamia SSD kwenye USB ile ya bluu, dongo la Zigbee (kile kifaa cha USB kinachoongea na taa) ulisogeze mbali kwa waya wa USB wa mita moja hivi, USB 3 inatoa kelele kwenye gigahezi 2.4 na taa zitaanza kupotea utamlaumu mtengenezaji wa taa.

stima_nakuru

Na channeli ya Zigbee isikae juu ya waifai. Waifai ikiwa 1, Zigbee weka 25. Ila ukibadilisha baadaye vifaa vingine vitataka kuunganishwa upya, kwahiyo amua mapema.

mleta uzi

Nimebaki na moja. Hii JSN-SR04T maji yakikaribia juu inaanza kusema uongo, mara asilimia 95 mara 20, na ile 20 ndio inachochea pampu kuwaka tena. ESPHome imeandikwa `platform: ultrasonic` basi, hakuna kingine.

chuma_arusha

Hiyo sensa ina eneo la upofu, kama sentimita 20 za kwanza mbele ya uso wake haioni kitu cha maana. Maji yakiingia humo inakupa namba za ovyo. Inyanyue, weka kipande cha bomba la plastiki pana juu ya mfuniko sensa ikae juu yake, ili hata tanki likijaa kabisa bado kuna sentimita 25 kati ya uso na maji. Bomba liwe pana na ndani liwe laini, la sivyo litarudisha mwangwi wa kuta zake. Hakikisha pia waya wa echo unapita kwenye rezista mbili za kugawanya volti, sensa inatoa 5 na mguu wa ESP8266 ni wa 3.3.

Halafu uandike hivi:

```
sensor:
  - platform: ultrasonic
    trigger_pin: D1
    echo_pin: D2
    name: Umbali wa maji
    update_interval: 30s
    timeout: 4m
    pulse_time: 20us
    filters:
      - filter_out: nan
      - median:
          window_size: 7
          send_every: 4
          send_first_at: 3
```

Hiyo `median` inapanga vipimo 7 inachukua cha katikati, namba moja ya kichaa haiwezi kupita. Na kwenye otomesheni ongeza `for: "00:03:00"` kwenye ile ya chini ya 30, isubiri dakika tatu iwe kweli iko chini ndio iwashe. Hapa `for:` haina hatari, ikipotea umeme ukikatika kibaya kitakachotokea ni pampu kuchelewa kuwaka.

mzee_wa_rilei

Ukimaliza kufunga floti zijaribu kwa mkono kabla hujaondoka. Inua ya juu, pampu isimame. Shusha ya chini, isimame. Chomoa Pi, rudia tena yote. Halafu chora mchoro wa nyaya kwenye karatasi ubandike ndani ya mlango wa boksi, fundi atakayekuja baada yako asitafute kama ulivyotafuta wewe.

mleta uzi

Sawa mzee wangu. Jumamosi naenda na kontakta, transfoma na floti mbili, picha za boksi ntaweka hapahapa mzikague kabla sijafunga mfuniko.